Jumba la Opera la Sydney: mshono kati ya mikono miwili

"Mjomba, mbona umesimama?"

Mpwa wangu ndiye aliyeuliza. Tulikuwa tumeshuka treni Circular Quay, tukafuata ukingo wa maji kama dakika kumi, vivuko vikiingia na kutoka upande wetu wa kushoto. Nilisimama kwa sababu jumba halikuwa jeupe. Miaka yote nimeliona kwenye kalenda na kwenye matangazo ya ndege, nikaamini ni jeupe kama kanzu ya Ijumaa. Ukilikaribia unakuta vigae vya namna mbili, vyeupe vinavyong'aa na vya rangi ya krimu visivyong'aa, kila kimoja sentimita 12 kwa 12, vimepangwa kwa mistari ya kukunjana kama ukili wa mkeka. Jua likipiga, vile vyeupe vinawaka na vile vya krimu vinanyamaza, ndiyo maana ukiwa mbali jicho linaona weupe mtupu. Viko 1,056,006, vilitoka Höganäs kule Sweden, na mvua ndiyo inayovisafisha.

Namba hiyo naikumbuka kwa sababu kuhesabu ndiyo riziki yangu. Mimi ni mkadiriaji majenzi, mzaliwa wa Tanga, na nimekaa miaka mingi kwenye meza ambapo mteja anataka jengo liishe mwezi ujao na mbunifu anataka wiki mbili zaidi za kufikiri. Kwa watu wa kazi yetu, jumba hili ni kisa kinachosimuliwa kwa kutikisa kichwa: bajeti ya pauni milioni 3.5, sawa na dola milioni 7 za Australia, ikaishia dola milioni 102. Tarehe ya kukamilika 1963, likafunguliwa 1973. Lakini sikwenda kutikisa kichwa. Nilikuwa nimesoma kwamba ndani ya jumba kuna mahali ambapo mkono wa mbunifu wa kwanza unaishia na mkono wa mwingine unaanza, na nilitaka kuupapasa mshono huo kwa vidole vyangu.

Neno moja kabla hatujapanda ngazi. Wahandisi waliyaita yale mapaa makombe, watu wa mjini wanayaita matanga. Kwetu matanga yana maana mbili, ya jahazi na ya msiba, na kisa hiki kinazitaka zote mbili.

Rasi ya chokaa

Jumba limekaa kwenye rasi iitwayo Bennelong Point. Wenyewe Wagadigal waliiita Tubowgule, wakala chaza na kome hapo kwa vizazi vingi hata maganda yakawa vilima. Waingereza walipofika 1788 walihitaji chokaa ya kujengea, wakayachoma maganda hayo. Mtu wa pwani yetu haelezwi zaidi. Tanuri la chokaa tunalijua, tofauti ni kwamba sisi tulichoma matumbawe. Bennelong mwenyewe alikuwa mtu wa nchi ile, akajengewa kibanda kwenye rasi na gavana Phillip, akapelekwa Uingereza 1792 na kurudi 1795. Baadaye ikasimama ngome, Fort Macquarie, na ngome ilipovunjwa ikajengwa karakana ya tramu. Kwa hiyo mahali palipopigwa picha kuliko pengine popote Australia palikuwa, hadi miaka ya 1950, gereji.

Aliyepaona pafaa kwa muziki ni Eugene Goossens, Mwingereza aliyekuwa akiongoza okestra ya Sydney, iliyokuwa ikipigia kwenye ukumbi wa baraza la jiji. Aliyempa sikio ni Joseph Cahill, waziri mkuu wa jimbo la New South Wales, mtu wa chama cha Labour aliyeanza maisha kama fundi wa reli. Fundi wa reli kujenga jumba la opera! Wapinzani wake walicheka, na watu wa chama chake walimuuliza kwa nini fedha isiende hospitali na shule. Jibu lake lilikuwa bahati nasibu. Fedha nyingi ya jumba hili haikutoka kwenye kodi, ilitoka kwenye tiketi za watu wa kawaida, jambo ambalo shehe wangu wa Tanga angelinyanyulia kidole. Lina doa lake pia: mwaka 1960 familia moja iliposhinda zawadi kubwa na jina lake kutangazwa gazetini, mtoto wao wa miaka 8 alitekwa ili walipishwe, akauawa. Tangu hapo washindi wakaruhusiwa kuficha majina.

Shindano la ubunifu lilivutia michoro 233 kutoka pande zote za dunia. Tarehe 29 Januari 1957 alitangazwa mshindi: Jørn Utzon wa Denmark, umri miaka 38, ambaye hakuwahi kukanyaga Sydney. Alikuwa amefanya kazi kwa ramani za mabaharia. Baba yake alikuwa mbunifu wa meli, na mtoto alikulia kwenye karakana za kuundia vyombo, akijua bodi la mashua linavyopinda kabla hajajua ukuta ni nini. Hilo, kwa maoni yangu, linaeleza jumba lile kuliko maneno yote ya wanazuoni kuhusu ndege na mawingu. Ukiyatazama mapaa kwa ndani unayaona mataruma, mbavu zinazotoka chini mahali pamoja na kupanuka kwenda juu, kama chombo kilichogeuzwa mkuku juu pale ufukweni kwa mafundi.

Wazo la pili alilipata Mexico mwaka 1949, kwenye majukwaa ya mawe ya Wamaya: unapanda ngazi, unatoka kwenye giza la msitu, unakuta anga lote. Ndiyo sababu tulipoanza kupanda zile ngazi pana za mbele hatukuona mlango wowote. Unaliacha jiji mgongoni kwanza. Chini ya ngazi hizo kuna uwazi wa magari ambao dari lake ni boriti za zege zilizokunjwa, zikivuka karibu mita 50 bila nguzo hata moja katikati. Boriti hizo zinabadilika umbo njiani, wembamba hapa na upana pale, kulingana na mzigo unavyozilemea. Watalii wanapita chini yake bila kuangalia juu. Mimi nilikaa hapo hata mpwa wangu akaanza kutazama simu.

Msingi kabla ya ramani

Hapa ndipo kisa chenyewe kinapoanza, na nitakieleza kwa lugha ya kazi yangu.

Ujenzi ulianza tarehe 2 Machi 1959. Michoro ya mapaa haikuwa tayari. Siyo kwamba ilikuwa na mapengo. Hakuna mtu duniani aliyejua mapaa yale yatasimamaje. Kilichokuwapo ni mistari ya penseli ya Utzon, mizuri mno, isiyofuata kanuni yoyote ya hesabu. Utzon hakutaka kuanza. Kampuni ya wahandisi ya Ove Arup, iliyochukua kazi ya kuyasimamisha, ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujaribu. Lakini Cahill alikuwa na uchaguzi mbele yake mwezi huohuo wa Machi, na alijua kwamba jumba ambalo halijachimbiwa msingi linafutwa kwa sahihi moja, ila shimo lililokwisha kuchimbwa ni aibu kuliacha. Akaamuru tuanze.

Nasema "tuanze" kwa sababu sote wa fani hii tumewahi kuwa pale. Mkubwa anataka jiwe la msingi, kamera zimekuja, unaambiwa ramani zitafuata. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa jengo moja la ghorofa, msingi umeshamwagwa, kisha mteja akaongeza ghorofa mbili. Tulichimba tena. Basi Sydney nako walichimba tena: nguzo zilizojengwa kwenye awamu ya kwanza zilikusudiwa paa jepesi, na paa lilipopata umbo lake la kweli ikaonekana hazitalibeba. Zikavunjwa kwa baruti na kujengwa upya, nene zaidi. Gharama za namna hiyo ndizo zinazoua bajeti, na haziko kwenye mchoro wowote. Ziko kwenye kalenda.

Cahill alifariki Oktoba 1959, miezi saba baada ya kazi kuanza. Hakuona hata jukwaa la zege likikamilika. Lakini alikuwa amehesabu sawa: kila serikali iliyofuata ililalamika, hakuna iliyothubutu kuacha shimo.

Wakati huo ndipo jumba lilipopata msanii wake wa kwanza. Tarehe 9 Novemba 1960 Paul Robeson, mwimbaji Mmarekani mweusi aliyekuwa amenyimwa pasipoti na serikali yake kwa miaka minane, alifika kwenye eneo la kazi wakati wa chakula cha mchana na kuwaimbia mafundi, wao wakiwa wamekaa juu ya majukwaa ya ujenzi na helmeti zao. Aliimba "Ol' Man River". Kuna picha zake. Miaka 13 baadaye watu waliovaa mavazi ya usiku walikuja kuambiwa kwamba jumba sasa linafunguliwa rasmi, lakini mafundi walikuwa wameshalifungua.

Chungwa moja

Tatizo la mapaa lilichukua miaka. Wahandisi walijaribu maumbo si chini ya 12, na katika kila jaribio kila kombe lilikuwa na mkunjo wake, kwa hiyo kila kipande kingehitaji umbo lake la kumwagia zege. Mjenzi yeyote atakuambia maana yake: unatengeneza umbo la mbao, unamwaga, unalitupa, unatengeneza jingine. Maelfu ya mara. Hakuna hazina inayoweza kulipia hilo.

Suluhisho la mwaka 1961 ni jambo unaloweza kumfundisha mtoto kwa chungwa. Limenye chungwa moja kwa kisu, kipande kikubwa hapa, kidogo pale, chembamba, kipana. Vipande vinatofautiana umbo na ukubwa, lakini vyote vina mkunjo uleule kwa kuwa vimetoka kwenye ganda moja. Utzon aliamua kwamba makombe yote ya jumba, makubwa na madogo, yakatwe kwenye uso wa tufe moja la kufikirika lenye nusu kipenyo cha mita 75. Ghafla mbavu zote zikawa ndugu. Umbo moja la kumwagia likatumika tena na tena. Vipande 2,194 vya zege vikamiminwa chini, vikapandishwa na kreni, vikagundishwa na kukazwa kwa nyaya za chuma zilizovutwa, hata paa la juu kabisa likafika mita 67 juu ya usawa wa bahari. Vigae navyo havikubandikwa kimoja kimoja juu ya mtu aliyening'inia. Vilipangwa chini kwenye vibao zaidi ya 4,000 kisha vikafungwa juu kama magamba ya samaki.

Nani hasa alilipata wazo la tufe, Utzon au watu wa Arup, ni ugomvi wa tangu zamani na siuingilii. Kilicho wazi ni kwamba bila kompyuta, chombo ambacho wakati huo wahandisi wengi walikuwa hawajakigusa, hesabu za mapaa yale zisingekwisha. Pale juu ya ngazi kuna bamba la shaba linaloonyesha tufe na vipande vyake. Nilimsimamisha mpwa wangu mbele yake.

"Kumbe yote ni mpira mmoja?"

"Mpira mmoja."

"Sasa mbona kutoka mbali yanaonekana kila moja na lake?"

Hilo ndilo swali zuri. Michoro ya shindano ilikuwa na makombe ya chini, mapana, yaliyolala kama yanayopumua. Yaliyojengwa yamesimama wima zaidi. Kanuni ya tufe iliyasimamisha. Wako wanaosikitikia ile mistari ya awali; mimi nimeiona michoro, nimeliona jumba, na naona hesabu ililifanyia jumba wema. Kitu kilichokuwa kizuri kilipata sababu ya kuwa kizuri.

Aliyeondoka

Utzon alihamia Sydney na familia yake 1963 kusimamia mapaa na kuandaa ndani. Mwaka 1965 Labour ilianguka baada ya miaka 24. Serikali mpya ya Robert Askin ilikuwa imefanya kampeni juu ya gharama za jumba, na wizara ya ujenzi akapewa Davis Hughes, mwanasiasa ambaye miaka michache kabla alipoteza uongozi wa chama chake baada ya kugundulika kwamba shahada aliyodai kuwa nayo hakuwa nayo. Hughes alitaka michoro kamili ya ndani na bei kamili kabla ya kulipa. Utzon alitaka alipiwe vielelezo: alipanga kutengeneza dari za kumbi na fremu za kuta za vioo kwa plaiwudi, katika mapande marefu ajabu yaliyokuwa yakitengenezwa na kiwanda kimoja cha Sydney, na bila kujenga sampuli za ukubwa halisi hakuweza kujua kama zitafaa. Hughes akakataa kutoa fedha za sampuli. Akazuia na malipo mengine, yakiwemo ya ushauri wa mitambo ya jukwaa. Tarehe 28 Februari 1966 Utzon alijiuzulu. Siku tatu baadaye kama watu elfu moja waliandamana hadi bungeni kutaka arudishwe, wakiongozwa na wabunifu wenzake akiwemo Harry Seidler. Mwishoni mwa Aprili alipanda ndege na watoto wake. Hakurudi tena maisha yake yote.

Kusimulia kisa hiki kama hadithi ya msanii na mwanasiasa mwovu ni rahisi, na wengi wanafanya hivyo. Mimi nimekaa upande wa Hughes wa meza mara nyingi mno kuweza kusema hivyo. Ombi lake la msingi lilikuwa halali: huwezi kutangaza zabuni kwa ndoto, na Utzon alikuwa mzito wa kutoa michoro, akiamini kwamba kitu kikishakamilika kichwani kilichobaki ni subira ya wengine. Kosa la Hughes ni jingine. Alitumia malipo kama kitanzi. Ukizuia malipo ya mtu unayemhitaji amalize kufikiri, hupati michoro, unapata barua ya kujiuzulu.

Halafu angalia mahesabu, maana hapa ndipo hadithi ya mbunifu mbadhirifu inapovuja. Utzon alipoondoka zilikuwa zimetumika karibu dola milioni 23. Mapaa, yale yaliyosemwa yatafilisi jimbo, yaligharimu takriban milioni 12.5. Awamu ya ndani, iliyofanywa baada ya yeye kuondoka na kwa usimamizi uliopaswa kuokoa fedha, takriban milioni 56.5. Nilipomtajia mpwa wangu tarakimu hizo aliniomba nizirudie.

Aliyebaki

Peter Hall alikuwa na miaka 34 alipokubali kumalizia. Alikuwa miongoni mwa wabunifu wa serikali waliotia saini waraka wa kutaka Utzon abakizwe, kisha akaombwa akalie kiti chake. Wenzake wengi hawakumsamehe. Pamoja na Lionel Todd na David Littlemore, alikuta makombe karibu yamekamilika na ndani mtupu, na alikuta tatizo ambalo hakuna aliyetaka kulisema kwa sauti: jumba halikuenea.

Masharti ya shindano yalitaka ukumbi mkubwa uwe wa okestra na wa opera kwa pamoja, viti kati ya 3,000 na 3,500. Mambo hayo mawili yanagombana. Opera inataka mnara mrefu juu ya jukwaa wa kupandishia mandhari. Okestra inataka boksi lililofungwa ambamo sauti inazunguka. Utzon alishinda kwa sababu alizilaza kumbi mbili ubavu kwa ubavu, zote zikitazama bahari, na hapo ndipo alipojifunga: zikilala ubavu kwa ubavu kwenye rasi nyembamba, hakuna nafasi ya pembeni ya jukwaa. Mandhari na waigizaji inabidi wapande kutoka chini kwa lifti. Shirika la utangazaji la taifa, lililokuwa mwenye okestra, likasisitiza viti 2,800 na sauti ya kuridhisha. Hall akaamua, na serikali ikakubali, ukumbi mkubwa uwe wa muziki tu. Mitambo mizito ya jukwaa kutoka Austria, ambayo ilikwisha kuanza kufungwa, iling'olewa. Opera ikahamishiwa ukumbi mdogo.

Kwa hiyo Jumba la Opera la Sydney linapiga opera kwenye chumba cha pili. Ukumbi wa muziki una viti 2,679. Wa opera, ambao tangu 2012 unaitwa kwa jina la Joan Sutherland, una viti 1,507, na shimo la okestra ni finyu hata wapigaji wamelalamikia masikio yao kwa miaka. Onyesho la kwanza, 28 Septemba 1973, lilikuwa opera ya Prokofiev "Vita na Amani", moja ya opera kubwa kuliko zote, ndani ya ukumbi ule mdogo. Sijui kama ni ujasiri au ni kulipiza kisasi. Waongoza wageni wanasimulia pia kuku aliyeletwa jukwaani kwenye opera moja miaka ya 1980, akapiga hatua moja mbele zaidi, akamwangukia mpiga selo. Tangu hapo pana wavu juu ya shimo.

Kwenye mshono

Unaingia kwa mlango wa chini, unapanda ngazi za ndani, na unatokea mahali ambapo nilikuwa napangojea tangu Tanga. Kulia na juu yako ni mbavu za zege, kijivu, hazikupakwa chochote, alama za maumbo ya kumwagia zikiwa safi kama alama za randa kwenye bao. Kushoto kwako kuna boksi kubwa la mbao ya rangi ya asali iliyoiva: huo ni ukumbi wenyewe, umesimama ndani ya kombe bila kuligusa, kama sanduku lililopakiwa ndani ya chombo. Katikati ni wewe. Nilinyoosha mkono mmoja nikashika zege, baridi. Nikavuka hatua chache nikashika mbao.

"Hapa ni kwa nani?" mpwa wangu aliuliza. Alikuwa ameshaupata mchezo.

"Hapo kwenye zege ni kwa Utzon."

"Na hapa?"

"Hapo ni kwa Hall."

Nilitarajia kuona kiraka. Nilikuta kazi ya fundi. Hall hakujaribu kuiga mkunjo wa mwenzake, wala hakushindana naye. Plaiwudi yake imekunjwa kwa utulivu, viungo vyake vimekaa sawa, na kuta za vioo za mbele, zinazochomoza kuelekea bahari kama pua ya ndege, ni za kwake na si za mtu mwingine. Watu wanalipa kuona makombe kisha wanapiga picha wakiwa wameegemea vioo vya mtu wasiyemjua jina. Hall alifariki 1995, na sehemu kubwa ya sifa ilikuja baadaye. Kama kuna aliyedhulumiwa katika kisa hiki zaidi ya Utzon, ni yeye. Utzon aliondoka na heshima yake; Hall alibaki na lawama.

Tarehe 20 Oktoba 1973 Malkia Elizabeth II alifungua jumba. Jina la Utzon halikutajwa kwenye sherehe. Ndiyo yale matanga ya pili niliyoyasema, msiba bila maiti, watu wamekusanyika kwa ajili ya mtu na hakuna anayemtaja.

Upatanisho ulichukua miaka 26. Mwaka 1999 Utzon aliombwa awe mshauri tena, akaandika kanuni za kuongoza mabadiliko yoyote ya jumba, akifanya kazi kutoka mbali huku mwanawe Jan akisafiri. Chumba kimoja cha mapokezi kilijengwa upya kwa mchoro wake na kupewa jina lake 2004, zulia la ukutani likiwa na rangi alizochagua mwenyewe. Ndicho chumba pekee cha ndani kilicho chake kweli. Mwaka 2003 alipewa Pritzker, tuzo kubwa ya wabunifu wa majengo, na mwaka 2007 UNESCO ililiingiza jumba kwenye urithi wa dunia akiwa bado hai, jambo lisilotokea kwa wabunifu wengi. Akafariki Novemba 2008.

Sauti ya ukumbi mkubwa, ugomvi wa tangu 1973, ilishughulikiwa juzi tu. Ukumbi ulifungwa 2020, yale mapete ya plastiki yaliyokuwa yakining'inia juu ya okestra yakaondolewa, na ulipofunguliwa Julai 2022 juu ya jukwaa palikuwa na petali za rangi ya zambarau inayoelekea waridi, zinazorudisha sauti kwa wapigaji ili wasikiane. Nilipiga chafya humo, kwa bahati mbaya, na mtu wa viti vya juu kabisa akageuka.

Tulitokea upande wa magharibi, kwenye baraza yenye nguzo iliyoongezwa 2006 kwa mchoro wa Utzon na mwanawe. Tukanunua kahawa kwa bei ambayo sitaitaja. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya daraja.

"Na hakuja kuiona hata hii?"

"Hakuja."

Mpwa wangu akakoroga kahawa yake muda mrefu. "Wewe mjomba, ungekuwa wewe mwaka ule 1959. Wanakuletea makaratasi, paa halijulikani litasimamaje, mkubwa anataka kuanza kesho. Ungesaini?"

Ningeweza kumpa jibu la mzee. Lakini tangu asubuhi nilikuwa nimemfundisha kuhesabu.

"Nisingesaini," nikamwambia, na tukakaa kimya wote wawili, migongo yetu kwenye jumba, mpaka kivuko cha Manly kikapita.